Vidole vya Mdogo Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana upande wa akina baba sikusikia vizuri.

Mimi mnanijua. Ni Sifa, fundi wa kushona, yule ambaye mashini yake mnaisikia mkipita kwenda sokoni hapa Kabambare. Nguo mpya za kwaya nilizishona mimi, na aliyebanwa kwapani anisamehe, alinenepa baada ya kupimwa. Kwa miaka mingi nimesimama hapa mbele kutoa ushuhuda. Nimeshuhudia juu ya malaria, nimeshuhudia juu ya mvua iliyookoa mpunga, nimeshuhudia hata juu ya kuku aliyepotea akarudi na vifaranga. Leo nashuhudia juu yangu mimi mwenyewe, na ninaogopa. Nisaidieni kwa kunyamaza kidogo.

Kwetu Lusangi tulikuwa watu wanne tu: baba, mama, mimi, na mdogo wangu Riziki. Baba alikuwa mkulima. Mama alikuwa akiuza vikwembe sokoni, na mpaka leo ukimpa kitambaa akisugue kwa vidole viwili atakuambia kama ni kizuri au kama kitapauka ukikifua mara ya pili. Mwaka mmoja mpunga ulizaa vizuri sana, na baba akasema safari hii mama hatauza, atavaa. Akanunua pisi nzima ya kikwembe, rangi ya majani mabichi, na ndege wa manjano wamejaa kote.

Mnajua desturi yetu. Familia ikitaka watu waone kwamba wao ni kitu kimoja, wanavaa kikwembe kimoja. Mama akajifunga kikwembe na blauzi na kitambaa cha kichwa, baba akashonewa shati, mimi na Riziki tukashonewa magauni. Tulipotoka kwenda kanisani siku ya Pasaka tulionekana kama shamba linalotembea! Baba alifurahi hata akamwita mpiga picha aliyekuwa akipita na baiskeli yake, akatupanga mbele ya nyumba. Baba na mama wakakaa kwenye viti. Sisi wawili tukasimamishwa nyuma juu ya benchi, Riziki mwisho pembeni, ili tuonekane.

Lile benchi lilikuwa linayumba. Mimi ndiye mkubwa, lakini mimi ndiye niliyeogopa. Riziki akaninyoshea mkono akanishika bega, akicheka, na picha ikapigwa hivyo hivyo, yeye anacheka macho yamefumba na vidole vyake vinne viko juu ya bega langu. Picha hiyo mama aliitunza katika kitabu chake cha nyimbo miaka yote. Ilikuwa moja tu. Hatukuwa na nyingine.

Baadaye baba alifariki. Riziki akaenda Kasongo kusomea ualimu, na huko akakutana na mwanamume anayeitwa Amisi, mfanyabiashara wa vitambaa, mtoto wa watu wa msikiti tangu babu wa babu zake. Wakapendana. Riziki akaingia dini ya mumewe. Amisi alikuja Lusangi na wazee wake kwa heshima zote, wakaongea na mama na wajomba, na mama akatoa baraka zake. Mama alikwenda mpaka Kasongo kwenye harusi, akala wali, akarudi na vyombo vipya, akasifu nyumba ile ilivyo safi.

Mimi sikwenda. Siku ile ya harusi nilifunga, sikula wala sikunywa, nikawaambia watu ninaomba. Ndugu zangu, ulikuwa uongo. Nilikuwa nimenuna.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Sikusema, ninamchukia mdogo wangu. Hapana! Nilisema, ninasimama kwa ajili ya imani. Nilisema, nuru na giza havikai nyumba moja. Nilisema maneno mengi mazuri, mengine mlinipigia makofi humu humu ndani. Lakini ukweli ni kwamba Riziki alikuwa wangu, nilimbeba mgongoni nikiwa sijui hata kujifunga kitambaa, na sasa alikuwa na ndugu wengine wanaomwita kwa upendo kama mimi. Wivu ulinikaba, nikauvalisha nguo za dini.

Siku moja nilipokuwa nimekwenda Lusangi na kazi zangu, mama akiwa shambani, nikachukua ile picha kutoka kitabu cha nyimbo. Nikachukua mkasi wangu wa kazi, ule mkubwa, nikamkata Riziki. Nilikata mstari mmoja ulionyooka, kutoka juu hadi chini. Kisha nikafungua pasi yangu ya makaa, nikamtia ndani pamoja na makaa, nikafunga kifuniko, nikapiga pasi blauzi ya mtu. Ndiyo. Nilimchoma mdogo wangu nikanyoshea nguo.

Lakini kuna kitu mkasi ulishindwa. Vile vidole vinne. Vilikuwa juu ya bega langu, na kuvikata ilinipasa nijikate na mimi bega. Nikaviacha. Basi picha ikabaki hivyo: baba, mama, mimi, na mkono usio na mwenyewe unaonishika.

Mama alipoikuta picha imepungua nilimwambia ni mende. Nikasema, mama, mende wamejaa kwenye sanduku, wamekula ule upande. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia wakati ule. Akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akairudisha kitabuni. Nikajiona mwerevu.

Miaka ikapita. Macho ya mama yakaendelea kuingia ukungu, mpaka giza likawa giza. Nikamtoa Lusangi nikamleta hapa Kabambare nyumbani kwangu, na ninyi mlinisifu, mkasema Sifa anajua kutunza mzazi. Hamkujua sharti nililotoa. Nilimtumia Riziki neno kwamba nyumba yangu ni nyumba ya sala na yeye asitie mguu. Alipokuwa Lusangi mama alikuwa akitembelewa na Riziki kila kiangazi. Alipofika kwangu, miaka mitatu hakumshika mtoto wake mkono. Waliongea kwa simu ya jirani, kwa kujificha, kama wezi. Nilijua, nikajifanya sijui, na hata kwa hilo nilijiona nina huruma.

Sasa, mwaka jana, siku moja ya kiangazi, mama ameketi uani anaota jua na kitabu chake cha nyimbo mapajani. Hasomi tena, anakishika tu. Akaitoa ile picha. Nilikuwa nimeketi karibu ninapindia gauni. Nikaona kidole chake kinatembea kwenye ukingo wa picha, kutoka juu kwenda chini, pole pole, kikarudi juu, kikashuka tena. Nikasahau sindano mkononi.

Akaniuliza bila kupandisha sauti, "Sifa, mende gani inakata nyoofu hivi, sawa makasi?"

Mwanamke aliyeuza vitambaa maisha yake yote, ukingo uliokatwa na mkasi atakosa kuujua? Macho yake yalikuwa yamedanganyika, vidole vikakataa.

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akanipa ile picha mkononi, akasema, "Unitengenezee hii foto na vitambaa. Macho imekufa, lakini vidole iko. Watu wote wane. Nataka kuwashika."

Basi nikaanza kazi. Nilifikiri, hili ni jambo la kushona, na kushona ninakujua, nitamaliza kwa siku tatu na neno litaisha. Nikachukua kipande cha shuka nyeupe, kidogo tu, upana wa ungo wa kupepetea mchele. Nikachora kwa chaki viti, benchi na watu. Kwa ngozi zetu nikatumia kitambaa cha suruali cha rangi ya kahawa. Chini ya kila uso nikatia pamba, ili mama akigusa apate mashavu. Baba nilimkata kutoka lile shati lake la ndege wa manjano, ambalo mama alilihifadhi, nikamwekea vifungo vyake vya kweli. Mama nilimkata kutoka kikwembe chake mwenyewe, na kitambaa cha kichwa nikakifunga fundo dogo lililosimama, kama anavyofunga yeye. Mimi nilijikata kutoka gauni langu la zamani, ambalo nilikuwa nimebakiza nusu yake.

Nilishona kwa mkono, si kwa mashini, kwa sababu uzi wa mkono una vinundu na kidole kinaufuata vizuri. Na niwaambie, ndugu zangu, ukimshona baba yako vifungo vya shati unaanza kumkumbuka. Nilikumbuka alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo la furaha. Nililia, lakini kilio cha utamu. Kila siku mama aliuliza nimefika wapi, nami nikampa aguse. Akimgusa baba alicheka peke yake.

Kisha nikafika kwenye bega langu. Nilikuwa nimeiweka picha mezani mbele yangu, ili nifuatishe. Na vile vidole vinne vilikuwa pale. Nikajiambia sitavishona, mtu hashoni vidole visivyo na mkono. Lakini bega bila vidole halikuwa lile bega. Nikavishona. Nikavifumua. Nikavishona tena. Siku nzima, ndugu zangu! Wateja walikuja kuchukua nguo zao wakaniona ninafumua vidole vidogo kama punje za mpunga, wakadhani nimechoka akili.

Mwishoni nikafanya kile ambacho moyo mgumu hufanya daima, nikatafuta njia ya mkato. Nikachukua kipande kingine cha gauni langu mimi, nikamkata Riziki kutoka hapo. Kikwembe kilikuwa kimoja, ndege ni wale wale, nani atajua? Nikampelekea mama, nikamwambia, tayari, watu wako wanne hawa hapa.

Mama akamgusa baba. Akajigusa mwenyewe. Akanigusa mimi. Akamgusa Riziki, kidole kikasimama hapo. Akauliza nguo ya Riziki nimeitoa wapi. Nikamwambia ni ile ile ya siku ile.

"Gauni ya Riziki alienda nayo Kasongo," mama akasema. "Miye mwenyewe nilimufungia mu valizi. Huyu ni weye mara mbili, Sifa. Miye nilizala watoto wawili."

Akanirudishia kazi yangu. Nikamfumua yule Riziki wa uongo, pakabaki mahali peupe pembeni mwangu, na vidole vinne juu ya bega.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Badala ya kwenda, nikatuma. Kulikuwa na baba mmoja motari, mwendesha pikipiki, aliyekuwa akienda Kasongo na mizigo ya mchele. Nikamwambia, ukifika, mtafute mke wa Amisi wa vitambaa, mwambie dada yake anataka kipande cha nguo yake ya zamani, kidogo tu, hata kama kiganja. Basi. Sikutuma salamu. Sikusema ni ya nini, kwa sababu kusema ni ya nini kungenilazimu kueleza picha.

Ninyi mnacheka, kwa sababu mnajua kwetu hapa kipande cha nguo ya mtu ni kitu gani! Mtu uliyegombana naye miaka kumi na moja, hakuletei hata salamu, halafu siku moja anatuma mgeni aombe kipande cha nguo uliyoivaa mwilini! Motari alifikisha neno wakati wa chakula cha mchana, mbele ya watu wote wa nyumba. Mama mkwe wa Riziki, Bibi Zena, aliweka chini sahani yake. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba tangu siku ile nguo zote za Riziki zilianikwa ndani ya nyumba, kwenye kamba iliyofungwa kutoka dirisha hadi kabati, na kwamba mwalimu wa madrasa aliitwa akasoma dua sebuleni. Wiki mbili hakuna gauni la Riziki lililoona jua.

Na humu kanisani? Msiinamishe vichwa. Motari alirudi na maneno, na maneno yakapita sokoni, yakaingia katika mazoezi ya kwaya. Ikasemwa Sifa amekwenda kwa wafumu, wale waganga wa kuroga. Ikasemwa Sifa anatafuta nguo ya mdogo wake ili amfanyie kitu. Wamama watatu walikuja kwangu kuniombea, na kila mmoja alikataa kunywa maji yangu. Siwalaumu. Mimi niliyekuwa nikiwahukumu wengine nilikaa nikahukumiwa, na hakuna aliyekosea sana, kwa sababu sumu kweli ilikuwamo ndani yangu. Ila si ile waliyoidhani.

Riziki alinirudishia jibu kwa motari yule yule. Alisema kwamba kama ninataka nguo yake, niende mwenyewe niiombe mbele ya watu.

Nikasema siendi. Nikasema mimi ni mkubwa, mkubwa haendi kuomba kwa mdogo. Siku zikapita, na mama akaacha kuuliza. Hilo ndilo lililonivunja. Hakununa, hakukataa chakula, aliacha tu kuuliza. Asubuhi moja nikamkuta ameketi na ile kazi mapajani, na kidole chake hakikuwa juu ya baba wala juu yangu. Kilikuwa juu ya mahali peupe. Kinapasugua pale, pale, kama mtu anayesugua mahali panapouma. Mzee wa miaka ile yote. Nikajua kwamba anaweza kufa akipasugua pale, nami nitamzika na kitambaa cheupe mkononi, na nitakuwa ni mimi niliyefanya.

Nikaingia chumbani nikapiga magoti. Sikuwa na maneno mazuri siku ile. Nilisema, Bwana, nimechoka kuwa mwema namna hii. Nifungue. Hiyo ndiyo sala yote. Nikainuka, nikaiweka kazi yangu, mkasi na picha iliyokatwa ndani ya mfuko wa plastiki, mvua isije ikaviharibu, nikamwomba jirani akae na mama, nikatafuta pikipiki.

Njia ya Kasongo mnaijua, sina haja ya kuieleza. Tulianguka mara mbili, mara moja kwenye tope na mara moja kwenye daraja la miti, na mara zote mbili niliuinua mfuko juu kabla ya kujiangalia kama nimeumia. Njiani nilitunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, ingemfanya Riziki aombe msamaha yeye kwanza. Nilipita Lusangi, nikaona mahali ilipokuwa nyumba ya baba, nikasahau nusu ya hotuba. Nilipofika mlangoni kwa Amisi, nimejaa tope mpaka kwenye nyusi, nusu ya pili ikapotea pia.

Wakanipokea, ndugu zangu. Watu waliodhani nimekuja kuua walinipa maji ya kuoga na kanga kavu ya kubadilisha. Kisha wakatandika mkeka barazani, wakaketi wote: Amisi, Bibi Zena, wifi wawili, na Riziki karibu na mlango. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na mikono ya mama. Hakunisogelea. Wakanipa chai ya tangawizi. Nikainywa yote, na ninawaambia hivyo kwa makusudi, mlionikatalia maji.

Bibi Zena ndiye aliyefungua mazungumzo, kwa upole. "Mwanangu, hapa kwetu nguo ya mutu haiombwe hivi-hivi. Sema, unaitakia nini?"

Nikafungua mfuko. Nikatandika ile kazi juu ya mkeka, wote wakainama kuitazama. Wakamwona baba na vifungo vyake. Wakamwona mama na fundo lake. Wifi mmoja akadhani amemtambua Riziki, akasema huyu hapa, kumbe kidole chake kilikuwa juu yangu mimi wa kitambaa. Kisha wakaona mahali peupe, na Riziki akauliza pale ni pa nani.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Nilifungua mdomo nikitaka kusema mende. Naapa mbele yenu, mende alikuwa tayari kwenye ulimi! Na badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Ni pako. Miye njo nilikukata na makasi. Nikakutia mu pasi ya makaa. Mama nikamudanganya."

Nikaweka picha juu ya mkeka. Hakuna aliyenitukana. Ningekuwa mimi mahali pao, ningesema mengi. Amisi akaangalia pembeni. Riziki akainuka, akaja akaketi mbele yangu, akaiokota picha, akaitazama muda mrefu.

"Hii vidole ni ya nani?"

"Ni yako."

"Ulishindwa kuikata?"

"Ningejikata miye."

Nikalia, ndugu zangu. Si kile kilio changu cha hapa mbele ambacho mnakijua, kile cha kupangusa jicho moja kwa ncha ya kitambaa. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka watoto wa nyumba wakaja kuangalia. Jambo zito kama mawe ya kusagia likatoka kifuani mwangu, likatoka kweli kweli, na tangu siku ile halijarudi. Iteni mnavyotaka, mimi ninaita ukombozi!

Riziki akaingia ndani. Nilidhani ndio mwisho, hatoki tena. Akatoka na lile gauni. Lilikuwa limepauka, maana watoto wake wanne wote walifunikwa nalo walipozaliwa, lakini ndege walikuwepo. Nikatoa mkasi wangu mfukoni nimsaidie kukata, akanizuia, akauchukua yeye.

"Ulinikata mara moja, na sikuwako," akasema. "Leo nitajikata miye mwenyewe, na weye utaangalia."

Akakata. Alikata vibaya, upande upande, mdogo wangu hajawahi kujua kushika mkasi, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwacha mtu aharibu kitambaa bila kumsahihisha. Alikata kipande kikubwa, mara tatu ya kile nilichohitaji. Bibi Zena akasema, mpe na ukanda. Akanipa na ukanda.

Nilikaa kwao siku tatu. Siku ya nne Amisi akamtafutia Riziki pikipiki ya pili, tukarudi wote. Hatukumwambia mama. Nilimweka Riziki kwa jirani, akashona yeye mwenyewe uso wake kule, nami nikashona gauni, tukipitishiana kazi juu ya ua kama watoto. Tulibishana juu ya mdomo. Mimi nilisema katika picha alikuwa anacheka, yeye anasema alikuwa anapiga chafya, na kwa kuwa ushahidi niliuchoma mwenyewe, ilinibidi nikubali.

Ilipomalizika nikampelekea mama uani. Riziki akaja nyuma yangu miguu mitupu, akasimama. Mama akaanza tena mwanzo, kama kawaida yake. Baba. Yeye. Mimi. Akafika kwenye bega langu, akavihesabu vidole, akaufuata mkono mpaka mwisho wake, akamkuta mwenye mkono. Akasugua lile gauni kwa vidole viwili, akaufuata ukingo uliokatwa upande upande.

Akauliza, "Hii nani alikata?"

"Yeye mwenyewe, mama."

"Naona. Sifa hawezi kukata vibaya hivi." Akanyosha mkono hewani, si upande wangu, upande ule Riziki aliposimama. "Sasa kuja hapa. Kitambaa nimeshashika."

Sitawaeleza yaliyofuata, yale ni yetu. Nitawaambia tu kwamba baada ya muda mama alituchoka, akatufukuza twende tukapike, na alipotusikia jikoni tunagombania chumvi alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeniokoa na imani yangu mbaya bila kuniondolea imani. Namshukuru mama yangu, ambaye ameketi pale benchi la tatu na ile kazi mapajani. Mkitaka kuigusa mkitoka, iguseni, ila osheni mikono. Na yule mama mwenye mtandio wa bluu aliyeketi pembeni mwake, ambaye tangu asubuhi mnamtazama kwa pembe ya jicho, ndiye Riziki. Amekuja kumleta mama, basi. Msimkimbilie baada ya ibada na vitabu na mialiko. Mpeni mkono na kumpisha.

Sasa mwenye mtu aliyemkata, awe ndugu, awe mzazi, awe mume, awe rafiki wa kwaya hii hii, na akaita kule kukata utakatifu, nakuomba umtegemee Bwana leo. Hakuna aliyechelewa kama mimi, na mimi alinifungua. Usieleze chochote, usitaje jina. Simama tu mahali ulipo. Hutasimama peke yako. Geukeni mtazame: mdogo wangu ameshasimama, na amemshika mama.